Nani Anaamka Kwanza Nyumbani Kwako?

Nimestaafu, na anayetaka kucheka acheke sasa amalize. Najua mstaafu kwenu ni mzee mwenye mkongojo na kofia, si mwanamke wa miaka arobaini na kitu ambaye bado anaendesha baiskeli. Hakuna ofisi iliyoniandikia barua ya shukrani. Mgongo ndio ulionistaafisha. Asubuhi moja niliinama kunyanyua kiriba, kile kifuko cha plastiki cha mche wa mlimao, mche mdogo tu, nikabaki nimeinama hivyo hivyo mpaka wenzangu wakaja kuninyoosha kama wanaonyoosha waya. Tangu hapo nimeacha kubeba maua. Nabeba maneno.

Maneno yenyewe nawaandikia nyinyi vijana mlionijazia simu kwa picha za majani ya njano. "Dada Maua, hili lina shida gani?" Picha moja, jani moja. Chungu sikioni, ukuta siuoni, udongo siuoni. Halafu mnataka jibu kabla sijameza chai. Sijibu. Mnasema nina maringo. Ninayo, na nimeyatolea jasho.

Najua mkinikosa mnakwenda wapi. Mnakwenda kwenye magrupu. Jirani yangu hapa Kihonda, dada mmoja fundi cherehani, alikuwa na mmea wa kutambaa dirishani, majani yakaanza kukunjamana. Akaupiga picha, akaitupa kwenye grupu. Majibu yakashuka kama mvua ya mawe. Weka magadi. Weka maji ya kuoshea mchele. Weka majani ya chai. Usiweke chochote. Uhamishie dirisha la kusini. Uingize ndani, baridi isije ikauua. Baridi! Ilikuwa Februari, Morogoro, mbwa wa mtaa mzima wamelala chini ya tenki la maji ulimi nje. Na yeye, kwa kuwa washauri wote walimwandikia kwa upole, akaona si adabu kumwacha hata mmoja. Akafanya yote. Mmea ukafa umeshiba ushauri.

Sisemi simu haina maana. Yule aliyeandika habari za dirisha la kusini hakudanganya. Huko kwao ng'ambo jua linapita upande huo na baridi inaua kweli. Kosa lake ni moja tu: hakuuliza unaishi wapi. Mtu anayekupa dawa bila kukuuliza swali hata moja, mpite. Awe wa mtandaoni, awe wa dukani, awe shangazi yako. Mpite kwa heshima, lakini mpite.

Mimi nilifundishwa na mtu wa maswali. Mzee Shaibu alikuwa na kitalu kando ya barabara kuu pale Mikese, chini ya neti nyeusi iliyotoboka, na kila lori lililopita lilitikisa viriba vyote kama vina homa. Nilikwenda kwake nimetoka kidato cha nne, sina pa kwenda, nikijua nitakaa mwezi mmoja. Nilizoea harufu ya pale, samadi na udongo uliomwagiwa maji saa kumi jioni, nikakaa. Baadaye nilizunguka, Kilosa, Ifakara, Turiani, sikutulia popote, lakini hata leo nikipita Mikese ndani ya basi nafungua dirisha.

Mteja akija kwa Mzee Shaibu akasema ua lake linakufa, mzee hakusimama kwenda kutafuta dawa. Alivuta kigoda, akamkalisha, akauliza, "Nani anaamka kwanza nyumbani kwako?"

Watu walikasirika. Bwana mmoja, mwenye shati la mikono mirefu na kalamu mfukoni, alisimama kabisa.

"Mzee, nimekuja kwa ajili ya ua, sikuja kwa ajili ya mke wangu."

"Na mimi nauliza habari za ua," mzee akasema. "Anayeamka kwanza ndiye anayebaki na ua peke yao. Anamwaga nini? Anasogeza nini? Anachuma nini? Sasa niambie, ni nani?"

"Ni mimi."

"Ukiamka unafanya nini?"

"Napiga mswaki. Barazani."

"Unatema wapi?"

Yule bwana akaangalia barabara. Mzee akampa mkono wa pole. "Nunua chungu kingine kisicho na kitu," akamwambia, "uwe unatema humo."

Jambo la pili alilonifundisha ni kutoficha maiti. Kuna mwaka mmoja aliamua kufukuza mchwa kwa kumwagia oili chafu ya gari kuzunguka tuta la viriba vya asumini. Mchwa walikimbia kweli. Asumini nazo zikaondoka, zote, kwa wiki chache. Mtu mwingine angeitupa mifupa hiyo nyuma ya choo. Yeye alivipanga vile viriba vilivyokufa pale pale mlangoni, mteja asiweze kuingia bila kuviruka. Wakimuuliza anasema, "Hizo niliziua mimi. Kaa nikueleze nilivyofanya." Ndipo watu wakaanza kumwamini. Kwa hiyo mkitafuta mshauri, msimtafute mwenye picha nzuri nzuri. Mwambieni awaonyeshe alichokiua. Akisema hajawahi kuua ua, huyo hajapanda, au hajui kuhesabu.

Maua ya ndani ndiyo yaliyonichosha zaidi. Ofisi moja mjini waliniita nikaangalie mmea uliosimama kwenye ndoo ya rangi iliyofungwa kitambaa na utepe. Nikaingiza kidole kwenye udongo, kikatoka kinanuka kama mtaro. Ndoo haikuwa na tundu, vigae visije vikalowa. Na kila mfanyakazi alikuwa anaunywesha asubuhi kwa kudhani wenzake wamesahau. Chai iliyobaki nayo iliishia humo. Nikawaambia mtu mmoja tu ashike kazi hiyo, wengine wote wautazame kwa macho. Na huyo mmoja asimwage maji kwa sababu Jumatatu imefika. Anyanyue ndoo kwanza. Ikiwa nzito, aiache. Walinitazama kama nimewatukana. Kwenye nyumba nyingine, mtaa wa Forest, mama mwenye nyumba alikuwa na wageni wa sikukuu, akaamuru majani yote yapakwe mafuta ya mgando yang'ae. Yaling'aa siku moja. Baada ya hapo yalinasa vumbi la mtaa mzima, majani yakawa na ndevu. Kitambaa chenye maji, wanangu. Kitambaa na maji, basi.

Lakini kama mna muda wa kisa kimoja tu kutoka kwangu, chukueni hiki cha mlimani.

Mama Deo aliishi kijiji kimoja juu ya Mkuyuni, mahali ambapo baiskeli unaisukuma, huipandi. Huko nyumba zinakaa kwenye mteremko: unakata mlima, unasawazisha pa kuweka nyumba na uwanja, na uwanja ukiisha unaanza ukingo. Chini ya ukingo ni kabichi za jirani. Nilikuwa nimemuuzia Mama Deo ua la kutambaa ambalo sisi kitaluni tulilipachika jina la Kigeugeu, kwa sababu linafunguka jeupe jioni, kesho yake limekuwa la waridi, keshokutwa jekundu, na kichala kimoja kinaweza kubeba rangi zote tatu. Alilipandisha kwenye nguzo za baraza. Likakua, likafunika uso mzima wa nyumba. Watu wakitoka misa walikuwa wanasimama pale wakijifanya wanasalimia, kumbe wanavuta harufu. Akiombwa kipandikizi alikuwa anasema, "Nendeni Mikese mkanunue kama mimi."

Siku moja akanipigia simu. "Njoo uone ua lako linavyokufa."

Lilipochanua lilikuwa lake. Lilipougua likawa langu. Nikasukuma baiskeli.

Nililikuta limebaki kamba. Majani machache, madogo, ncha zimeungua. Mama Deo akanikalisha barazani akanisimulia matibabu. Dukani walimpa busta, mbolea kali ya kukuzia. Mpwa wake wa Dar alituma ujumbe wa sauti kwamba aweke sukari. Jirani akasema majivu. Vyote alimwaga, tena busta alirudia. Kisha akashusha sauti, ingawa hakuishusha vya kutosha.

"Na chanzo nakijua. Ni mkono."

Imani hiyo mnaijua, na si ya Uluguru peke yake: kwamba kuna mtu ana mkono wa moto, akishika mmea unakauka. Mkono wenyewe ulikuwa wa Salome, mke wa mwanawe Deo. Salome alizaliwa Ngerengere, mji wa reli, na kwao hawakulima. Deo alimwoa, akamleta kwa mama yake, yeye akarudi Dar kwenye kazi. Tangu binti huyo afike, ua likaanza kudhoofika. Kwanza akakatazwa kulimwagilia. Kisha akakatazwa kitalu cha kabichi. Kisha stroberi. Sasa fikirieni. Kwenye familia inayokula kutoka kwenye udongo, mtu aliyekatazwa kushika mmea ameshaambiwa aondoke, bado tu hajatamkiwa. Na siku ya kutamkiwa ilikuwa imepangwa. Jumamosi angekuja mjomba wake Deo, kaka yake Mama Deo, na kwa Waluguru neno la mjomba kwenye mambo ya ukoo ni zito. Angeamua kama Salome arudi kwao "apumzike kidogo." Kila mtu alijua kupumzika huko hakuna kurudi.

Salome mwenyewe alikuja na chai. "Shikamoo dada. Karibu." Vidole vimepasuka kwa kazi. Akaweka kikombe, akaondoka bila kututazama.

Nikakwaruza shina kwa ukucha. Chini ya ganda palikuwa kijani kibichi, ua halijafa. Nikageuza majani, hakuna wadudu. Basi nikauliza swali la Mikese.

"Mama, hapa nani anaamka kwanza?"

"Huyo huyo," akasema Mama Deo. "Hilo sitamnyima haki yake. Kuamka anaamka, na kufagia anafagia. Tazama uwanja huo."

Nikautazama. Ungeweza kumwaga unga ukauzoa tena.

"Alikuja hapa anafagia kama watu wa stesheni, anahamisha vumbi tu. Nimemfundisha mwenyewe. Sasa hata padri aliusifia."

Nililala hapo. Alfajiri nikasikia fagio la vijiti, kwaa, kwaa, nikatoka nikasimama mlangoni. Salome alianzia ukutani akafagia kuelekea nje, ameinama, bila kupumzika. Alipofika kwenye ua aliingiza ncha ya fagio katikati ya mashina, akavuta kila jani kavu na kila kijiti, na pamoja navyo ukatoka udongo mwembamba mwekundu. Vyote akavisukuma mpaka ukingoni, vikaanguka chini kwa jirani. Hivyo ndivyo uwanja wa Mama Deo ulivyokuwa unateremka bondeni kila siku.

Alipomaliza nikachuchumaa. Kulikuwa na duara la mawe yaliyopakwa chokaa kuzunguka ua. Mawe hayo yalikuwa yamesimama juu ya vijiguu vya udongo; mkono wangu ulipita chini yake. Kwenye shina palikuwa na alama kama ya kola: juu ganda la kijivu, chini jeupe, karibu shubiri nzima ambayo zamani ilikuwa ardhini. Mizizi imetoka nje imeanikwa juani. Na juu ya mizizi hiyo iliyo uchi ndipo walipomwaga busta. Mtu amechunika ngozi, unampaka pilipili.

Mngedhani nilifurahi kuupata ugonjwa. Sikufurahi. Ugonjwa ulikuwa kitu pekee ambacho binti huyo alisifiwa nacho.

Nikamfuata anaposugua sufuria nyuma ya nyumba.

"Salome, ua linauliwa na fagio."

Aliendelea kusugua. "Dada, kabichi nimekatazwa. Maji nimekatazwa. Nimebaki na fagio. Na hilo nalo unaninyang'anya?"

"Sikunyang'anyi. Nataka wajue si mkono wako."

"Fagio analishika nani?" Akainua uso. "Ukiwaambia ni fagio, watasema si tulisema? Ni mkono wake. Utakuwa umewapa ushahidi, utapanda baiskeli yako utaondoka."

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba jibu sahihi nalo linaweza kumvunjia mtu nyumba. Kalieni hilo, nyinyi mnaodhani kazi yetu inaisha ukishajua jina la ugonjwa. Ningeweza kumwambia Mama Deo aongeze udongo, nikanywa chai, nikateremka Mkuyuni. Ua lingepata nafuu mwezi mmoja na fagio lingeurudisha udongo bondeni. Na Salome angekuwa ameshakwenda kupumzika.

Nikamwendea Mama Deo kwa upole wote niliokuwa nao. Nikamwonyesha mawe. Nikamwonyesha kola. Alisikiliza mpaka niliposema neno kufagia.

"Wewe!" akasema. "Wewe hata uwanja huna! Leo Kilosa, kesho Turiani, nani amewahi kufika kwako akakuta pamefagiwa? Unanifundisha mimi usafi?"

"Kweli mama, uwanja sina."

"Basi funga mizigo yako. Nilikuita utibu ua, hukuitwa kuhukumu nyumba."

"Sihukumu nyumba. Naonyesha udongo ulikokwenda."

"Funga mizigo!"

Sikufunga. Nilikaa juu ya jiwe moja la chokaa, mbele ya baraza lake, nikamwambia nitaondoka mjomba akishafika. Alinitazama kama kichaa. Mtu asiye na uwanja ana faida moja, hana pa kufukuzwa. Nilikaa pale mpaka miguu ikafa ganzi, na Mama Deo akapita mbele yangu kila mara akiguna kwa Kiluguru maneno ambayo nashukuru sikuyajua yote.

Mjomba Festo alifika alasiri ya siku hiyo, Jumamosi, mrefu, viatu vya mpira, fimbo mkononi. Walikaa barazani. Salome akakaa mkekani karibu na mlango. Mama Deo akasema yote, na alisema vizuri, hata mimi ningeshawishika.

"Na huyu wa baiskeli ni nani?" mjomba akauliza.

"Muuza maua. Anaondoka."

"Shikamoo mjomba. Siondoki bado. Naomba ndoo ya maji."

Mama Deo akataka kusimama, mjomba akamzuia kwa kiganja. Maji yakaletwa. Nikayamwaga taratibu kwenye shina, mbele yao wote. Hayakuingia hata kidogo. Yaliteleza juu ya ule uwanja mgumu kama juu ya sinia, yakakusanya wekundu, yakakimbia ukingoni, yakamwagika chini.

"Maji yamekwenda huko," nikasema. "Na busta ilikwenda huko. Na majivu, na sukari, na udongo wote uliofagiwa."

Mjomba akasogea ukingoni akachungulia. Kabichi za Mama Koleta, jirani wa chini, zilikuwa kubwa mwaka ule, kila moja kama kichwa cha ndama.

"Dada," akamwambia Mama Deo, "kumbe umekuwa unamlisha Koleta!"

Akacheka mpaka akaegemea fimbo. Mama Deo hakucheka. Mjomba akarudi, akapitisha fimbo chini ya mawe ya chokaa, ikatokea upande wa pili. Kicheko kikamwisha.

"Nani alikufundisha kufagia kuelekea bondeni?" akamuuliza Salome.

Salome aliangalia mikono yake. "Nilifundishwa, mjomba," akasema, na hakuongeza jina.

Hakuna aliyelihitaji. Mjomba akamgeukia dada yake. "Mama yetu alikuwa anafagia kwenda wapi?"

"Mgombani," akasema Mama Deo. "Taka zote alizipeleka mgombani. Lakini ile ilikuwa nyumba ya udongo. Hii ni ya bati na saruji, watu wanatazama."

Msidhani mjomba alitoa hukumu tukapiga vigelegele. Alivaa kofia. Akasema mambo ya fagio hayamhusu mjomba, na habari ya kwenda kupumzika wataizungumza mvua zikiisha, ua nalo likionekana limeelekea wapi. Yaani Salome alipewa muda, hakupewa nyumba. Mama Deo akasema muda ni sawa, mradi kila kitu kiendelee kama kilivyokuwa.

Ndipo Salome akasimama kwenye mkeka.

"Mama, kesho sifagii chini ya ua."

"Kesho ni Jumapili! Kijiji kizima kinapita hapa!"

"Najua ni Jumapili."

Hakupaza sauti. Alichukua jembe na karai, akateremka mgombani, nami nikamfuata kabla mtu hajapata la kusema. Tukaleta udongo mweusi wa chini ya majani ya migomba yaliyooza. Nilimwambia asiweke samadi mbichi wala dawa yoyote, mizizi ile imeungua vya kutosha. Aliutandaza udongo juu ya mizizi kwa mikono yake, polepole, akiubonyeza, na Mama Deo amesimama juu yake.

"Nimeshika, mama," akasema. "Mimi, kwa mikono hii. Likifa tena nitajua ni mikono yangu."

Tuliyahamisha mawe yote ya chokaa upande wa bonde, tukayapanga nusu duara, maji yakija yakae kidogo kabla ya kuondoka. Juu tukatandaza majani makavu, mengi, bila aibu. Kupogoa nikamkataza mpaka litoe machipukizi yake lenyewe; mgonjwa hakatwi nywele siku anapokunywa uji wa kwanza.

Na kwa kuwa najua mtauliza: ua lilijivuta. Tawi moja lilikauka moja kwa moja, tukalikata. Majani yalikuja kwanza, maua yalichelewa sana. Siwezi kuwaahidi kwamba mkifanya hivyo lenu litapona. Udongo wenu siujui, na sijui nani anaamka kwanza kwenu. Ninachokijua ni kilichotokea Jumapili ile, kwa sababu nilikuwepo, nafunga mizigo kwenye baiskeli.

Salome aliamka kama kawaida yake. Alianzia ukingoni, akafagia kuja ndani, fagio likavuta majani makavu yote mpaka kwenye ua, akayarundika pale shinani, akaacha. Akasimama ameshika fagio. Rundo lilionekana kutoka njiani, hakuna aliyeweza kulipita bila kuliona. Mama Deo akatoka na kitenge chake cha misa, rozari mkononi, akaliona. Kabla hajasema, watu wa kwanza walikuwa wamefika. Mbele yao alikuwa Mama Koleta, wa zile kabichi.

"Mama Deo!" akaita, sauti ya kusikika kijiji kizima. "Tumsifu Yesu Kristo! Leo mkweo amelala?"

Waliokuwa nyuma yake wakacheka. Mama Deo aliyatazama majani. Akamtazama Salome, ambaye hakuinamisha uso. Akavuta kitenge vizuri begani.

"Milele amina," akajibu. "Hajalala. Hapa kwetu ndivyo tunavyofagia."